Taklidi na Skrini ya Mwanzo

Simu ya Android humfikia mnunuzi ikiwa imekwisha kupangwa na mtu mwingine. Skrini ya mwanzo, yaani ile inayojitokeza mara tu simu inapofunguliwa, huendeshwa na programu moja mahususi ambayo watumiaji wameizoea kwa jina la lancha, na kazi yake ni kupanga aikoni, kuorodhesha programu zilizomo na kuzifungua zinapoguswa. Samsung ina lancha yake, simu za Tecno huja na HiOS, za Infinix huja na XOS, na kila mojawapo ina sura yake na mambo inayoyatanguliza mbele ya macho. Lancha hiyo ya kiwandani huitwa chaguo-msingi, maana yake hali inayoendelea kutawala pale mtumiaji asipoamua lolote. Lakini mfumo wa Android unamruhusu pia kupakua lancha nyingine, kama vile Nova, Niagara au KISS, na kuikabidhi skrini yake. Jambo hili, dogo kwa sura, linaibua swali ambalo wanafalsafa na wanachuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, mtu anayebaki na alichokikuta amechagua, na kama hakuchagua, ana lawama gani?

Elimu ya usuli wa fikihi, ambayo huchunguza namna hukumu za sheria ya Kiislamu zinavyopatikana, ina istilahi mbili zinazofaa kulipima swali hili. Ijitihadi ni juhudi ya mwanachuoni kuitoa hukumu kutoka kwenye vyanzo vyake kwa hoja. Taklidi ni kuifuata kauli ya mwingine bila kuijua hoja iliyoisimamisha. Mwanachuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Wakristo wakikua katika Ukristo, wa Mayahudi katika Uyahudi na wa Waislamu katika Uislamu, na kwamba kwa kuona hivyo kamba ya taklidi ilimkatikia. Msomaji angetarajia mtu huyo aiharamishe taklidi kwa kila mmoja, lakini hakufanya hivyo: katika al-Mustasfa anatetea kwamba mtu wa kawaida awaulize wanachuoni na kuwafuata, kwa sababu watu wote wakilazimishwa kufikia daraja ya ijitihadi, mashamba hayatalimwa, kazi za mikono zitakufa na dunia itaharibika. Hoja hiyo ni ya kiuchumi kuliko ya kiroho, na nguvu yake haijapungua, kwa kuwa muda na akili ya mwanadamu vina mpaka.

Waislamu wa Kisuni wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji mfano wa mbali ili kulielewa jambo hili, kwani wengi wao ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafii, kwa kuzaliwa. Madhehebu hayo waliyakuta kwa wazee wao, ambao nao waliyapokea kwa njia ambazo ndani yake masheikh na masharifu wenye asili ya Hadhramaut walikuwa na sehemu kubwa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoanzisha gazeti la al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wazipime mila walizorithi badala ya kuzishika kwa sababu tu ndizo zilizokutwa, na himizo hilo halikumpendeza kila mtu.

Hata hivyo, wanaoitumia hoja ya al-Ghazali kuhalalisha kila uzembe husahau kwamba taklidi yenyewe ina masharti. Anayefuatwa hawi mtu yeyote tu. Wanachuoni wa usuli wameshurutisha mufti, yaani mwanachuoni anayeulizwa, awe na elimu na awe na uadilifu, yaani mwenendo unaomfanya aaminike kwamba haipindishi hukumu kwa manufaa yake. Sharti la kwanza kampuni za simu hulitimiza bila shida, maana wahandisi wao wanaijua kazi yao. Ni katika sharti la pili ndipo mashaka yanapoanza, na kwa maoni ya makala haya hapo ndipo kiini cha suala zima kilipo: mpangaji wa chaguo-msingi ana maslahi katika kile anachompangia mwingine.

Ukubwa wa maslahi hayo unajulikana. Nyaraka za mahakama nchini Marekani zimeonyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo-msingi katika kivinjari cha Safari, ingawa mtumiaji angeweza kuibadilisha kwenye mipangilio kwa kugusa skrini mara chache. Kampuni haitoi fedha za namna hiyo ila imejua kwamba watu wengi hawatabadilisha. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kuwashurutisha watengenezaji wa simu za Android waweke programu yake ya utafutaji na kivinjari cha Chrome kabla hawajapewa leseni ya duka la programu. Mwaka 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini hiyo hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki. Nguvu hii ya chaguo-msingi haiishii kwenye biashara. Watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walionyesha mwaka 2003 kwamba nchini Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha ndipo ahesabiwe kuwa amekubali kutoa viungo vyake baada ya kufa, walioridhia walikuwa asilimia 12 tu, ilhali katika nchi jirani ya Austria, ambako kila mtu huhesabiwa ameridhia mpaka akatae, walizidi asilimia 99. Ni vigumu kuamini kwamba mpaka kati ya nchi hizo unatenganisha watu wakarimu na wachoyo. Kilichotofautiana ni fomu.

Al-Ghazali huyo huyo, katika Tahafut al-Falasifa, alitoa mfano wa mtu mwenye hamu ya tende aliyewekewa mbili zinazofanana kwa kila hali, asiyeweza kuzichukua zote, akasema kwamba mtu huyo ataichukua moja, kwa kuwa irada, yaani utashi, ndiyo sifa inayotenga kitu na mfano wake hata pasipo sababu ya kukipendelea. Mfano huo ulikuwa na lengo lake katika mjadala wa kuumbwa kwa ulimwengu, lakini ukiletwa kwenye simu unakosa jambo moja: mlaji wa leo anakuta tende moja imekwisha kutiwa mkononi mwake. Utashi haujapewa nafasi ya kutenga chochote, na kukaa kimya kwake kunahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Isidhaniwe kwamba anayepakua lancha nyingine ameponyoka. Wako wanaoibadilisha kwa kuwa rafiki amebadilisha, na hao wamehama tu kutoka taklidi moja kwenda nyingine. Lancha ya kupakua nayo ni kazi ya mtu mwenye mahitaji yake: Nova, iliyosifiwa kwa miaka mingi na watu wanaojali uhuru wa kupanga simu, ilinunuliwa mwaka 2022 na Branch, kampuni ya kupima na kuchambua matumizi ya programu, na walioipakua kabla ya hapo wakajikuta chini ya bwana ambaye hawakumchagua. Baadhi ya lancha huomba ruhusa ya kusoma arifa au ya huduma za ufikivu, ambazo zikitumiwa vibaya hufichua mengi. Tena lancha ya kiwandani huwa haiondoki. Hukaa chini ikingoja, na tangu Android 9 ndiyo inayoshika skrini ya programu zilizotumika karibuni, kiasi kwamba Android 10 ilipotoka mwaka 2019, mwenye simu ya Pixel aliyeweka lancha nyingine alinyimwa kwa muda ishara mpya za vidole na kurudishiwa vitufe vitatu vya zamani.

Kutokana na hayo, mtumiaji aliyeikagua lancha ya kiwandani, akaona inamwonyesha nini na inachukua nini, kisha akabaki nayo, amechagua kama aliyeibadilisha kwa hoja. Na asiyeikagua kwa sababu ya shughuli zake ana udhuru ule ule al-Ghazali aliompa mkulima. Udhuru huo haumfikii mpangaji, ambaye alikuwa na muda, elimu na faida, na ambaye kwa hiyo anabeba dhima ya uamuzi alioufanya kwa niaba ya mamilioni. Dhima hiyo ni nzito zaidi kwa Apple, ambayo hairuhusu kabisa skrini ya mwanzo ya iPhone iendeshwe na programu ya mwingine, na ambayo ilisubiri hadi mwaka 2024 kumruhusu mtumiaji aziache aikoni mahali popote anapotaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali, iliyoanza kuzibana kampuni hizi Machi 2024, inataka mtumiaji aulizwe ni kivinjari gani na injini gani ya utafutaji anayoitaka. Kuhusu lancha haimtaki mtengenezaji yeyote aulize.