MATABAKA YA MLIMA NA MATABAKA YA AMALI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtu wa pwani afikapo Moshi huudhani mlima Kilimanjaro kuwa ni jiwe moja kubwa. Sivyo. Mlima ule umejengwa kwa matabaka, katika muda upitao miaka 2,000,000. Moto wa ardhini ulitoa mawe yaliyoyeyuka, yakapoa, likafuata jivu, kisha mawe tena juu yake. Shira ilitangulia kuzimika, ikafuata Mawenzi, na Kibo ikainuka hata mita 5,895. Na katika Sura ya Fatir Mwenyezi Mungu ameitaja milima yenye mistari ya rangi mbalimbali, na wenye ilimu wamchao.

Mvua ya msituni hupenya katika nyufa za mawe yale, na ikikuta tabaka lililoshikamana huzuilika, ikatokea chini kwa chemchemi. Humo hupata maji mto Pangani, ushukao hata baharini. Basi watu wa pwani hufaidika kwa tabaka wasiloliona.

Hivyo ndivyo zilivyo amali. Kila siku ni tabaka moja, na la leo hulala juu ya la jana. Mwashi ajua kwamba ukuta uliotiwa chokaa mbovu ndani, hata ukipakwa lipu nyeupe, utapasuka masika. Na wako walao mali ya yatima, kisha wakanunua mikeka ya msikiti. Na wauzao shamba la wakfu, kisha wakaenda Hija. Watu huiona lipu. Mwenyezi Mungu huuona ukuta.

Wala asiseme mtu kwamba mema yake ya zamani yatamtosha. Barafu ya Kibo ilirundikana tabaka juu ya tabaka. Wataalamu walioitoboa mwaka 2000 waliikadiria ya chini kabisa kuwa na miaka zaidi ya 11,000. Lakini tangu 1912 hata 2007 eneo lake lilipungua sehemu 85 katika 100. Ndivyo ria na dhuluma zilavyo thawabu.

Mlima hauwezi kulifukua tabaka lake bovu. Mwanadamu aweza, kwa toba. Lakini toba ya haki za watu haitimii kwa kulia juu ya mswala. Hutimia kwa kurudisha. Mwenye mali ya yatima mkononi na aitoe leo, kabla ya Magharibi, maana hajui kama atalala juu ya ardhi au chini yake.

Wabillahi taufiki.