Hanania alisema miaka 2

Wengi huuliza: kama ninamwamini Mungu, mbona bado niko ukimbizini? Katika Yeremia 28, nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba waliopelekwa Babeli watarudi baada ya miaka 2. Lilikuwa neno tamu, tena la uongo. Yeremia aliwaandikia: ni miaka 70, basi jengeni, pandeni, oeni, uombeeni mji mliomo. Waliokuwa wazee siku ile walifia Babeli, na Mungu hakuwa mwongo kwao. Kumtumaini Mungu si kujua tarehe ya kurudi. Ndugu yangu, usikae ukimngoja mwenye kutabiri tarehe huku mtoto haendi shule. Lima, panda maharage, mwombee jirani. Mungu yuko hata hapa. Amina.