Hadithi ya Wawili ni ya Nani?

Mwaka 1930 Maitreyi Devi alikuwa hajatimiza miaka 17, lakini tayari alikuwa na kitabu cha mashairi ya Kibengali chenye dibaji ya Rabindranath Tagore. Mwaka huohuo nyumbani kwao Calcutta alikaa kijana kutoka Romania, Mircea Eliade, mwanafunzi wa baba yake, mwanafalsafa Surendranath Dasgupta. Vijana hao walipendana. Baba alipogundua, alimfukuza mgeni wake.

Mwaka 1933 Eliade alichapisha riwaya kuhusu penzi hilo. Yeye alijificha nyuma ya jina la Allan. Msichana alimwachia jina lake halisi, Maitreyi, tena akalifanya jina la kitabu. Humo msichana huyo humwendea Allan chumbani usiku. Maitreyi alikuja kukanusha kabisa jambo hilo, ila ilipita karibu miaka 40 kabla hajajua yaliyoandikwa juu yake katika lugha asiyoisoma.

Watetezi husema: ile ni riwaya, na mwandishi ana haki ya kubuni. Nakubali. Lakini uhuru uleule wa kubuni unaruhusu kubadili majina, na Eliade aliutumia kujisitiri yeye peke yake. Sina ugomvi na yeye kusimulia. Penzi lilikuwa lake pia. Ninachokikataa ni kwamba mmoja alipata pazia na mwingine akaachwa uwanjani.

Maitreyi hakuishia kulalamika. Mwaka 1973 alimfuata Eliade hadi Chicago, alikokuwa profesa, wakaonana uso kwa uso. Mwaka uliofuata akatoa riwaya yake, Na Hanyate, iliyopata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1976. Humo yeye ni Amrita, naye Eliade ni Mircea Euclid: jina la ukoo tu ndilo lililobadilika. Kwa hiyo naye alichagua cha kufunika na cha kufunua. Siisomi kama kweli tupu. Naisoma kama jibu, na jibu ni haki.

Sisi tunaoandika maisha yetu hatuwezi kuwakwepa wengine. Hakuna anayeishi peke yake. Wala sidhani tunapaswa kuomba ruhusa kwa kila sentensi, maana wanyonge wengi wasingewahi kusema neno juu ya waliowaumiza. Ila ninapoandika juu ya mtu aliyenipenda, kuna swali silipiti: je, nimejifunika mimi na kumvua nguo yeye?