Jembe la Mgeni

Methali yetu humpa mgeni siku mbili za raha, na siku ya tatu humpa jembe. Wengi huisoma kama onyo kwa mvivu, kwamba mtu asijizoeze kula asicholima. Maana hiyo ni sahihi, lakini si maana yote. Yafaa tuulize jembe lile ni la nani. Si la mgeni, kwa kuwa hakuja nalo. Ni la mwenyeji. Naye mwenyeji alitoapo jembe hutoa pamoja nalo kipande cha shamba, na maarifa ya shamba lile: wapi maji hutuama, wapi udongo hupasuka, mbegu gani hustahimili na mbegu gani hudanganya. Mgeni alipokeapo hukubali kufundishwa. Kwa hiyo siku ya tatu si siku ya adhabu hata kidogo. Ni siku ya kuingizwa nyumbani.

Sasa tumtazame mgeni wa namna nyingine, ambaye methali haikumfikiria. Huyu huja na jembe lake mwenyewe. Huja na fedha, ramani, mashine na hesabu ya faida iliyokwisha kupigwa mbali na hapo. Katika lugha ya siku hizi huitwa mwekezaji. Hahitaji kulishwa hata siku moja, na yamkini yeye ndiye atakayewalisha wenyeji wake. Je, mtu wa namna hii aweza kuwa mtu wa kijiji? Na kama hawezi, ana haki gani juu ya ardhi ya kijiji?

Swali hili si la nchi yetu peke yake. Katika Indonesia, sheria ya ardhi ya mwaka 1960 humnyima mgeni milki kamili ya ardhi, na baadhi ya wageni wapendao kuishi katika vijiji vya huko wamejifunza kununua kwa jina la mwenyeji. Sheria husimama mlangoni, hila huingia kwa dirishani, na swali la haki hubaki pale pale lilipokuwa. Lakini nataka kulichunguza mahali palipolijua kwa gharama kubwa, nako ni Ugogo, katika uwanda wa kati wa Tanzania.

Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza Desemba hivi na kukoma Aprili, na katika mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Hata hiyo haina uadilifu: kijiji kimoja hupata na cha jirani hukosa, hunyesha wiki mbili kwa ukarimu, kisha hunyamaza mpaka uwele ukanyauka. Watu wa nchi hii walijenga maisha yao juu ya mashaka hayo. Walipanda uwele na mtama kwa sababu nafaka hizo huvumilia kiu. Walifuga ng'ombe, na walihamahama kwa kufuata malisho na maji. Wanakumbuka njaa kwa majina, kama watu wengine wakumbukavyo wafalme. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipofika ulikuta ghala tupu. Hiyo nayo ni habari ya wageni.

Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, wageni wa Ugogo walikuwa watu wa misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza nchi hii, na mtu atokaye Mpwapwa alipaswa kwanza kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote waliandika kwa uchungu juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo. Kwa macho yao hongo ilikuwa unyang'anyi uliovikwa vazi la desturi. Sikatai kwamba kulikuwa na watemi wenye tamaa, waliouchelewesha msafara siku nyingi huku wapagazi wakila na kunywa kwa bei ya mwenye nchi. Lakini msafiri aliyelalamika alisahau kitu kimoja. Maji aliyokunywa hayakuwa mto upitao bure. Yalikuwa visima vilivyochimbwa kwa mikono, na mabwawa yaliyokuwa na siku zake za kukauka. Msafara wa watu mia kadhaa ukinywa hapo na kuondoka, kiu yake huiacha nyuma kwa wenyeji. Hongo, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa njia ya kumkumbusha mpita njia kwamba kupita kwake kuna gharama, na kwamba mwenye kuilipa gharama hiyo asipokuwa yeye atakuwa mwingine.

Mgeni mkubwa kupita wote alifika Kongwa mwaka 1947. Uingereza, iliyochoshwa na vita, ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulitumwa kuchungulia nchi. Ulifanya kazi yake kwa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi uliitazama kutoka katika ndege. Wiki 9 hazitoshi kuona hata msimu mmoja wa Ugogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo mpango uliotoka ulikuwa wa ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa kama pauni milioni 25. Mashamba mengi yalikuwa katika Tanganyika. Na Kongwa ikachaguliwa kuwa mwanzo, kwa sababu moja kubwa, kwamba ilionekana tupu.

Neno hilo, tupu, linastahili kusimamishwa na kuhojiwa. Nchi ionekanayo tupu kutoka juu yaweza kuwa nchi iliyoachwa ipumzike, au iliyoachwa kwa kuwa watu wameijaribu na kuijua. Mbuyu uliosimama peke yake una mwenye kuokota ubuyu wake na mwenye kurina asali yake. Aliyeko angani haoni mambo hayo. Nayo ndiyo angefundishwa siku ya tatu, kama angengoja siku ya tatu.

Mashine zikaja. Tawi la reli likajengwa kutoka Msagali, mji wa mahema na mabati ukaota porini, na hata shule ya watoto wa Kizungu ikafunguliwa. Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta. Udongo ulikuwa na mchanga mkali uliokula chuma, na ulipokauka uligeuka kama saruji, ukazishika karanga ndani yake zisivunike. Mvua nayo ilifanya kama ilivyozoea kufanya. Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa pamoja nao katika vitabu vya hesabu. Tawi la reli halipo tena. Sehemu ya nchi iliyofyekwa ikawa ranchi ya ng'ombe. Yaani baada ya mamilioni yote ardhi ilirudishwa katika kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya.

Watu hupenda kuisimulia habari ya karanga kama kichekesho cha ujinga. Mimi sioni kwamba waliokuja walikuwa wajinga. Wengi walikuwa hodari, na baadhi yao waliamini kwa moyo safi kwamba wanaleta neema. Wala sioni kwamba kosa lilikuwa kutafuta faida, kwa kuwa mwenyeji naye huitafuta. Kosa lililo kubwa ni la kimaadili, nalo lingekuwapo hata kama karanga zingestawi. Hasara ya mpango na hasara ya nchi zilitenganishwa tangu siku ya kwanza. Pauni milioni 36 zililipwa na walipa kodi wa Uingereza. Ni hasara kweli, lakini ni hasara iliyofutika kwa kalamu. Nchi iliyofyekwa haikufutika. Aliyeanzisha jambo angeweza kuondoka, na aliondoka. Aliyeachiwa matokeo hakuwa na pa kuondokea. Sidhani kwamba mtu aweza kuitwa jirani katika hali hiyo, hata akae miaka mingi na kusalimia kwa lugha ya mahali.

Mtu atauliza, je, kuna namna nyingine ya kuweka mali? Ipo, na Wagogo waliijua kabla ya neno mtaji halijafika kwao. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwapeleka baadhi yao kwa ndugu na marafiki wakaao mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa usipige na kule. Mtunzaji hunywa maziwa, hutumia samadi, na mara nyingine hupewa ndama. Mwenye ng'ombe hubaki mwenye ng'ombe na uzao wao. Mtu wa benki ataona hapa busara ya kugawanya hatari, na ataona sawa. Lakini kuna jambo ambalo daftari la benki halina. Ng'ombe aliye katika zizi la mwenzangu amenitia mimi katika mikono ya mwenzangu. Siwezi kuwa adui yake. Mvua ikikosa kwake naumia, na nikifiwa hulazimika kuja. Mali haikumlinda mtu asiwahitaji jirani, ilimfunga kwao. Mtaji wa siku hizi, pamoja na bima zake na mikataba yake, hutafuta kinyume cha hayo: hutaka kukaa kijijini bila kuwa katika mikono ya mtu yeyote wa kijiji.

Kongwa ile ile ilipata wageni wengine, nao ndio wanaonitatiza zaidi. Kuanzia mwaka 1964 hivi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa makambi pale pale palipoachwa na mpango wa karanga: FRELIMO, SWAPO, ANC na wengineo, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliokaa hapo. Wageni hawa hawakuwekeza kitu. Walikuja na bunduki, siri na umaskini, na nia yao ilikuwa kuondoka upesi iwezekanavyo kwenda kupigania makwao. Kwa kipimo cha nia, hao walikuwa wapita njia kuliko Waingereza. Lakini walihitaji chakula, maji, mazungumzo na faraja. Walipatana na watu, na baadhi yao walizaa nao watoto, ambao wamo nchini hata leo. Si kila jambo lililotendeka lilikuwa zuri, kwani mtoto aliyeachwa na baba aliyekwenda vitani anayo hesabu yake ya kudai. Hata hivyo Kongwa huwataja wapigania uhuru kama watu, na huutaja mpango wa karanga kama tukio. Nadhani tofauti ni kwamba wa pili waliwahitaji wenyeji, na kuhitaji ni nusu ya kupokea jembe.

Na mizabibu? Ililetwa na wageni pia. Wamisionari wa Kikatoliki waliijaribu Bihawana katika miaka ya 1950, na leo zabibu ni zao la wakulima wadogo katika vijiji vingi vya Dodoma, pamoja na taabu zao zote za kutafuta mnunuzi. Basi si kila kilichotoka mbali hufa. Mzabibu ulipata wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu nchi hii imo tena katika majira ya wageni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini ulipata miguu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhama kweli kweli. Tangu hapo ardhi ya vijiji vilivyouzunguka mji imekuwa na bei ambayo babu hakuiota. Mnunuzi wa sasa mara nyingi si mtu wa ng'ambo. Ni Mtanzania mwenzetu kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, na sheria haimwoni kuwa mgeni. Sheria ya Ardhi ya 1999 humzuia asiye raia asipewe ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo huiweka ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji kama mdhamini, isiyoweza kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Ni sheria nzuri. Lakini uraia ni jambo moja na ujirani ni jingine, na nguzo za mipaka katika shamba lisilolimwa hazijali mwenye nalo alizaliwa wapi.

Najua pingamizi. Mwenye shamba ni mtu mzima. Akitaka kuliuza amsomeshe mwanawe, nani amkataze? Na kijana wa Kigogo aliyekwenda mjini, akarudi na fedha kununua mashamba ya jirani zake, naye tumwite mgeni? Pingamizi la kwanza nalikubali nusu, kwa kuwa auzaye katika mwaka wa njaa hauzi kwa hiari kamili. La pili silijibu. Kijana yule aweza kuwa mwenyeji kuliko sote au mgeni kuliko wote, na jina la ukoo wake halitatuambia ni lipi. Wala simdai yeyote afe njaa pamoja na kijiji ili athibitishe mapenzi yake. Ninachodai ni kwamba hasara yake na ya kijiji zisitenganishwe kiasi hiki, kwamba mwaka mbaya kwao usiwe kwake mwaka wa kununua kwa bei rahisi.

Mkutano mkuu wa kijiji umezoea kumwuliza mwombaji wa ardhi atajenga nini: darasa, zahanati, kisima. Naye huahidi, na muhtasari huandikwa. Ningependa aulizwe pia Januari atakuwa wapi. Januari ndio mwezi ambao ghala za Ugogo hukaribia kwisha na uwele mpya bado ni majani. Ni mwezi wa kukopa, kukopesha na kugawana mbegu. Jibu lake liandikwe katika muhtasari ule ule, chini ya ahadi ya kisima, na baada ya miaka mitatu lisomwe tena mbele yake, kama yupo.