Jumatano: Maumivu Tunayoyaita Gesi

Soma 1 Samweli 25:36–38 na Isaya 38:1–5, 21. Nabali na Hezekia wote waliugua. Kuna tofauti gani katika yaliyofuata?

Nabali alikuwa amefanya karamu na kulewa sana. Asubuhi Abigaili alipomweleza hatari waliyonusurika, moyo wake ukafa ndani yake. Siku kama 10 baadaye akafariki. Ile ilikuwa hukumu ya Bwana, kwa hiyo tusikimbilie kumwita Nabali kila ndugu anayeugua moyo. Wapo wasioonja pombe wala nyama, nao wanaugua.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Kiwangwa, mzee mmoja wa kanisa alirudi kutoka shamba la mananasi akijishika kifua. Jasho lilimtoka ingawa jua lilikuwa limeshatua. Akasema ni gesi. Tulimpa maji ya moto yenye ndimu, tukaomba, tukaimba, tukamwaga. Nami nilikuwa miongoni mwa walioomba. Hakuiona asubuhi. Sijaacha kuombea wagonjwa, ila siku hizi tunaomba huku gari likienda.

Kifua kikibana au kuwa kizito kama kimewekewa gunia, maumivu yakisambaa mkononi, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, hiyo ni dharura. Kwa akina mama na wenye kisukari, pengine kifua kisiume kabisa. Huja uchovu wa ghafla na pumzi kukata tu. Msisubiri kupambazuke. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, atapewa rufaa, hata kufika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Shinikizo la damu nalo mara nyingi halina dalili yoyote. Pimeni. Vipimo vikirudia kuwa 140/90 au zaidi, mwone daktari, wala usiache dawa kwa sababu tu umejisikia nafuu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia ile iliyomo kwenye ng'onda. (Hapa watu wa Pwani tuna kazi!)

Hezekia alilia, Bwana akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu, wala hakuona kwamba anapunguza imani ya mfalme.

Jadilini: Mmoja wa darasa lenu akishikwa na kifua usiku wa manane, nani mwenye gari au pikipiki atapigiwa simu kwanza? Andikeni namba yake kabla ya kufunga darasa.