Maji Hayafuti Deni

Wanangu na wajukuu zangu, mimi ni mtu mzima sasa. Sina tena nguvu za kupaza sauti, na nimechoka kurudia maneno yaleyale. Lakini hili sitaki kulala nalo. Nivumilieni nilieleze taratibu, kwa kuwa linaanzia mbali, kwenye milima ya Uswisi, na linakuja kutugusa hapa nyumbani.

Uswisi haikuingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia wala vya Pili. Watu huisifia maziwa yake safi na milima yake yenye theluji. Hata hivyo, chini ya maziwa hayo yamelala maelfu ya tani za risasi, mabomu na makombora. Kaeni na hilo kwanza: nchi iliyojiepusha na vita, na bado vitu vya vita vimejaa kwenye maji yake.

Vimefikaje humo? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoezi. Jeshi la Uswisi limekuwa likipiga mizinga kwenye mabonde ya juu yasiyo na watu, na kila askari wa mizinga anajua kwamba si kila kombora hulipuka linapoanguka. Lisilolipuka huzama kwenye theluji, huteremka polepole na barafu, au hutumbukia ziwani. Ziwa Neuchâtel, ambalo liko chini zaidi, lilitumiwa na ndege za kivita kwa mazoezi ya kudondosha mabomu hadi mwaka 2021. Njia ya pili ni ya makusudi. Kati ya 1918 na 1964 jeshi lilichukua silaha zilizozidi au kuharibika, likazitosa kwenye maziwa kama Thun, Brienz na Lucerne.

Walioamua hivyo hawakuwa watu waovu. Waliona maji ni mengi na kina ni kirefu, na hakuna mtoto atakayefika chini kuzichezea. Tena walikuwa na hofu ya kweli. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1947, ghala la silaha lililochimbwa ndani ya mlima katika kijiji cha Mitholz lililipuka. Humo zilikuwamo tani 7,000 za silaha, na tani 3,000 hivi zililipuka. Watu tisa walikufa. Baadhi ya mabaki yakabebwa yakazamishwa Ziwa Thun, mengine yakaachwa palepale chini ya vifusi. Watu wakajenga upya nyumba zao, wakaambiwa mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Deni lisilolipwa linahama tu kutoka kwa aliyekopa kwenda kwa mrithi wake, na maji hayalifuti.

Sasa mwangalieni kijana anayetumwa kulilipa. Ni mpiga mbizi wa jeshi. Amepewa ziwa la mlimani, tuseme liko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hiyo si hata nusu ya Kilimanjaro, lakini hewa ya huko inabonyeza kwa robo tatu tu ya nguvu iliyonayo Bagamoyo au Lamu. Mtu akizama, nitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta inaingia kwenye damu na nyama za mwili wake. Akiibuka haraka, inatoka kwa mapovu, na mapovu yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza. Wapiga mbizi wetu wa pwani wanaofuata majongoo bahari wanaujua ugonjwa huo. Wapo waliorudishwa nyumbani wakiwa hawatembei tena.

Mlimani hatari hiyo inazidi, maana anayeibuka anakutana na hewa nyepesi kuliko ya baharini. Kwa hiyo mita 18 za ziwa lile huhesabiwa kama mita 24 za bahari. Daktari mmoja wa Zürich, Albert Bühlmann, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupanga mahesabu hayo, na mwaka 1976 yeye na wenzake walichapisha majedwali ya kuzamia kwenye miinuko mbalimbali. Kijana akifika leo kutoka bondeni, hawezi kuzama leoleo kana kwamba amezaliwa pale, kwa sababu mwili wake bado umebeba hewa ya chini. Na akimaliza kazi, ikiwa barabara ya kurudi inapanda zaidi kabla ya kuteremka, ni lazima asubiri. Hapo hata bomu bado hatujaligusa.

Chini kabisa maji yana ubaridi wa nyuzi 4 hivi. Kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda mdomoni, hewa ikamwagika bila kufungika. Vidole vinakufa ganzi ndani ya glavu nene. Sakafu ya ziwa ni tope laini, unga wa mwamba uliosagwa na barafu kwa maelfu ya miaka. Pezi likiligusa mara moja tu, linatifuka, na taa haionyeshi kitu tena. Kazi inaanzia hapo. Kijana anafuata kamba, anasikiliza mlio wa kifaa cha kutambua chuma, kisha ananyoosha mkono na kupapasa. Jiwe. Jiwe jingine. Kopo. Halafu kitu kirefu cha mviringo, chenye ubavu ulionyooka kuliko jiwe lolote. Kutu imekila, maandishi yamefutika, na kile kidude cha puani cha kulilipua kombora kimechakaa kiasi kwamba hakuna awezaye kuapa kitafanya nini kikitikiswa. Baruti ya ndani je? TNT haiyeyuki kirahisi majini. Aliyeitupa ameshazikwa, yenyewe ingalipo.

Mzazi wa kijana yule huenda hakuwa amezaliwa silaha hizo zilipotoswa. Babu alisukuma sanduku likazama kwa dakika moja. Mjukuu anahitaji siku nzima, chombo, daktari, majedwali na dua ya mama yake ili alitoe kombora moja.

Na hayo ni maziwa ambayo mtu anaweza kufika chini yake. Kwenye yale makubwa, silaha nyingi zimelala kati ya mita 150 na 220, na tope lililozifunika linafika hata mita 2. Mwaka 2005 njia za kuzitoa zilichunguzwa, ikaonekana kwamba kila njia iliyopendekezwa wakati ule ingetifua tope na kuvidhuru viumbe wa ziwa. Wakabaki kuyapima maji mara kwa mara na kungoja. Mnamo Agosti 2024 serikali ikatangaza shindano, ikaweka zawadi ya faranga 50,000 kwa mawazo bora ya namna ya kuzitoa. Nchi yenye wahandisi wanaotoboa milima na kupitisha treni ndani yake imefika mahali pa kuuliza: nani anajua tufanyeje?

Mitholz nako, wataalamu walisema mwaka 2018 kwamba hatari iliyobaki ndani ya mlima ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Wanakijiji wakaambiwa watalazimika kuhama kwa miaka isiyopungua 10 ili mlima usafishwe. Bunge likaidhinisha zaidi ya faranga bilioni 2.5 kwa kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenzetu wanaujenga ukuta wao sasa, miaka zaidi ya 70 baada ya ufa kuonekana.

Nasikia mmoja wenu ananong'ona: mzee, hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?

Mwanangu, umesahau Mbagala? Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Dar es Salaam, makombora yakaruka na kuangukia nyumba za watu. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Ndugu zetu wa Kenya nao waulizeni habari za Archer's Post na Dol Dol. Kwa miongo mingi jeshi la Uingereza lilifanyia mazoezi huko, na makombora yasiyolipuka yakabaki malishoni. Wafugaji wa Kisamburu na Kimaasai waliuawa na wengine kupoteza viungo, na wengi wao walikuwa watoto waliofuata mifugo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 jumla ya pauni milioni 4.5. Fedha ililipwa, lakini mguu wa mtoto haurudi kwa fedha.

Basi nisikilizeni, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ninyi mnaoshika vyeo, mnaovaa magwanda na mnaotia saini: msikubali kamwe kuambiwa kwamba kitu cha hatari kimekwisha kwa sababu hakionekani. Ulizeni kimewekwa wapi, ni kiasi gani, na nani ameandika. Daftari likipotea, mpiga mbizi wa kesho anapapasa gizani mahali ambapo mstari mmoja wa wino ungemwonyesha njia. Mkiona silaha zimezeeka ghalani, ziharibuni kwa utaratibu sasa, wakati waliozipokea wangali hai na wanajua kilichomo. Najua bajeti ni finyu na kazi hiyo haina sherehe wala kukata utepe. Ifanyeni hivyohivyo.

Ninyi wenye viwanda, mashamba na vyombo vya baharini, msidhani nawasema wanajeshi peke yao. Anayemwaga mafuta machafu mkondoni usiku na anayezika madumu ya sumu nyuma ya shamba wanafanya lilelile lililofanyika Thun. Wanamwachia mtoto ambaye hawamjui kazi ambayo wao wenyewe waliiogopa.

Nanyi vijana mnaookota chuma chakavu, na ninyi mnaochunga mbali na nyumbani, shikeni mambo matatu ambayo hata Waswisi wamewafundisha watu wao wanaotembea milimani. Ukiona kitu kinachofanana na bomu au kombora, usikiguse. Weka alama ili mwenzako apaone. Kisha toa taarifa kwa polisi au kwa kambi iliyo karibu. Usikipige jiwe, usikitie motoni, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma. Bei ya kilo moja ya chuma haijafika bei ya jicho lako. Na asije mtu akakwambia ni cha zamani, kimekufa. Vile vya milimani vina umri mkubwa kuliko baba zenu, na askari waliosomea kazi hiyo bado wanavikaribia kwa hadhari.

Simlaumu aliyekufa, kwa kuwa hawezi kurudi kusahihisha. Nawasihi ninyi mlio hai, ambao bado mna mikono na kalamu. Kabla kitu hakijatupwa, muulizeni mwenye kukitupa ni nani atakayekuja kukitoa, na kwa gharama gani. Akikosa jibu, mzuieni. Kama kimeshatupwa, semeni kilipo leo, kiandikwe, na kazi ya kukiondoa ianze mngali na nguvu. Msiwaachie wajukuu zenu.