Nani Anamdai Fundi Ukweli?

Kuna kazi ukishaimaliza hakuna anayeiona tena. Ukipaka nyumba rangi, hata jirani asiyekupenda atapita aangalie. Ukishona suti, mteja ataivaa mbele ya kioo kabla hajakulipa. Lakini ukibadilisha gaskiti ya hedi kwenye injini ya dizeli, ukakaza boliti ya mwisho, ushahidi wote umeufungia ndani. Anayejua ulivyofanya ni wewe na injini, na injini huongea ikiwa imechelewa.

Nimekuwa na swali hili kichwani miezi kadhaa sasa, tangu nianze kukaa Sugoi. Watu wakisikia Sugoi wanafikiria rais, kuku wa kando ya barabara, na ile hadithi ya hasla iliyozunguka nchi nzima mwaka 2022. Mimi nakaa Sugoi ya bodaboda, maziwa ya asubuhi, na gereji moja chini ya miti ambapo huenda kuandika, kwa sababu kuna stima ya kuchaji kompyuta na hakuna anayeniuliza nilimaliza chuo lini. (Sikumaliza. Hiyo ni insha ya siku nyingine.) Huwa nashika tochi ya simu fundi akiwa chini ya boneti, na ukishika tochi unajifunza mambo.

Kwa wale hawajawahi kuona injini ikiwa wazi: gaskiti ya hedi ni kipande bapa chenye matundu, kinakaa kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi, yaani kifuniko chake. Unene wake ni milimita moja na kitu. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyofaa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupoza, na oili. Kwa injini ya petroli hiyo kazi ni ngumu, kwa dizeli ni mateso. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inakandamiza hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya ishirini ya nafasi iliyokuwa nayo, hewa inashika joto la kupita nyuzi 500, ndipo mafuta yakirushwa ndani yanawaka yenyewe. Presha hiyo yote inatafuta pa kutokea, maelfu ya mara kwa dakika.

Na sisi huku tuko juu. Eldoret iko kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho hushikilia presha ili maji ya injini yasichemke mapema. Kifuniko kikizeeka, na wengi huendesha na kilichozeeka miaka, maji yanaruka, injini inashika moto, hedi inapinda. Si kupinda kwa kuona na macho. Unaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kisha unajaribu kupitisha kibati chembamba cha kupimia hapo chini. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa injini nyingi, mpindo wa karatasi mbili tayari ni kesi ya mashini: hedi inapelekwa kwa karakana yenye mashine, uso wake unakwanguliwa mpaka unyooke tena. Hapo ndipo gaskiti mpya ina maana.

Njia za kulipua kazi hii zinajulikana. Unaweza kumwaga ndani ya rejeta ile dawa ya chupa inayoganda ikipata joto. Kuna waliojaribu hata ute wa yai. Unaweza kukaza tu boliti za zamani. Unaweza kununua gaskiti mpya, ukaipaka silikoni pande zote mbili, ukaifunga juu ya hedi iliyopinda bila kuipeleka popote. Gari litawaka. Halitatoa moshi mweupe. Litapanda mlima likiwa tupu bila shida, na mtu akija kulijaribu kwa dakika kumi atatabasamu. Wiki tatu, pengine miezi miwili, kisha maji yanaanza kupungua bila kuonekana yanapomwagika. Ukiwa na bahati mbaya zaidi, maji yanajaa ndani ya silinda usiku, na kwa sababu maji hayakandamiziki kama hewa, asubuhi ukipiga starta unaweza kupinda mkono wa pistoni. Hapo si gaskiti tena, ni injini nzima.

Sasa kesi yenyewe. Mzee mmoja mkulima alileta pikapu yake ya dizeli inachemka. Fundi akafungua, tukaona gaskiti imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Akapima hedi mara mbili, akaniitia tochi karibu, akapima tena.

"Mzee, hedi imepinda. Lazima iende mashini Eldoret kwanza."

"Ngapi?"

"Elfu nne na mia tano. Na boliti mpya, hizi zimevutika."

"Kijana wangu, weka gaskiti mpya, kaza, iende. Kwani mimi ndio nitaiendesha? Kuna mama wa maziwa huko Turbo anaitaka, chama chao kimemkopesha pesa. Anakuja kuiona Jumamosi."

Fundi alinyamaza kwa muda. Alijipangusa mikono na kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Kisha akasema: "Nitakufungia vile unataka, Mzee, gari ni lako. Lakini huyo mama akiniuliza, nitamwambia."

Mzee alimwangalia kama amemtukana. "Wewe ni fundi wangu ama ni fundi wake?"

Hilo swali ni zito kuliko mengi niliyoulizwa kwenye ukumbi wa mihadhara. Na ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, aliandika kitabu cha maadili, na katika sehemu ya tatu akaleta mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. (Si yule Diogenes wa kulala ndani ya mtungi, huyu ni mwingine.) Mfano wao ulikuwa mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rodo wakati wa njaa, meli imejaa nafaka. Anajua meli nyingine nyingi ziko njiani. Aseme, bei ishuke? Ama anyamaze auze? Mfano wa pili uko karibu zaidi na gereji yetu: mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua mbao zake zimeoza. Diogenes alisema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimu kutaja, basi. Kunyamaza si kuficha. Antipater akasema hapana, mnunuzi ni binadamu mwenzako, kila unachokijua kuhusu kitu unachomuuzia ni haki yake kujua. Cicero akamuunga mkono Antipater.

Mzee wetu hajasoma Cicero, lakini ni mtu wa Diogenes kabisa. Na sheria yetu haiko mbali naye. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, imetolewa kwa mtindo wa sheria ya Uingereza ya 1893. Inambana zaidi yule ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo biashara yake. Mtu wa kawaida anayeuza pikapu yake moja, mradi hajadanganya kwa mdomo, anakuacha na macho yako. Na kama uliikagua mwenyewe, kasoro ambazo ukaguzi wako ungepaswa kuziona zinakuwa shida yako. Macho, lakini, hayapenyi chuma.

Tatizo langu na Diogenes ni hili. Anazungumza kana kwamba kasoro ni habari tu, kitu cha kusema ama kutosema. Lakini kasoro ni gharama. Ile elfu nne na mia tano haipotei kwa sababu Mzee amekataa kuilipa. Inahama. Inapanda ndani ya pikapu, inaenda nayo Turbo, na kwa sababu inasafiri ndani ya injini inazaa njiani. Ikifika kwa yule mama inaweza kuwa laki moja, pamoja na maziwa yaliyoganda kando ya barabara na mkopo wa chama ambao wanawake wenzake wamemdhamini. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sijasema uongo" amefanya kitu kingine kabisa: amelipisha deni lake mtu ambaye hakukuwepo wakati bei inajadiliwa.

Huku kwetu tunaelewa hili vizuri likiwa ni mahindi. Halmashauri ya Nafaka haikubali mahindi yenye unyevu wa kupita asilimia 13.5, na kila mkulima Uasin Gishu anajua ujanja wa kuweka makavu juu ya gunia na mabichi chini. Waislamu wana hadithi ya Mtume akipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Mwaka 2004 watu 317 waliugua sumu ya kuvu huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sisemi yaliuzwa kwa hila. Mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Nasema tu unyevu ulio chini ya gunia haujali kama ulinyamaziwa kwa heshima.

Lakini nisimfanye Mzee shetani. Ilikuwa Januari. Karo ilikuwa inadaiwa, mahindi alikuwa ameyauza mapema kwa bei ya broka kwa sababu karo ya muhula uliopita pia ilidaiwa. Akiniambia ukweli ni anasa ya watu wenye akiba, nitamjibu nini, mimi ambaye niliacha chuo kwa sababu ya bili? Hii ndiyo hoja ngumu zaidi upande wake, na sijaisikia ikijibiwa vizuri na watu wa maadili. Jibu ninaloweza kutoa ni dogo. Hakuwa anamnyang'anya tajiri. Kwenye soko la magari makuukuu, kila mtu anauzia aliye chini yake kidogo, na kasoro zinashuka ngazi kama maji, mpaka zimfikie mtu ambaye hana wa kumuuzia. Tukiita hiyo kujitafutia, sawa, lakini tukumbuke ngazi ya mwisho kabisa ina mtu.

Na fundi je? Wengine pale gereji walimsifu. Mimi nilimwambia msimamo wake ni nusu. "Akiniuliza nitamwambia" inasikika vizuri, ila mama wa maziwa hajui kuna cha kuuliza. Swali lenyewe linahitaji ujuzi ambao ndio anaouza fundi. Yeye akanijibu huku akipanga boliti kwenye katoni kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja kwenye tundu lake: "Na nikianza kukimbiza wanunuzi wa watu, nani ataniletea gari?" Hilo nalo ni kweli. Anaishi kwa jina lake, na jina la fundi lina pande mbili: awe anaaminika kwa kazi, na awe anaaminika kwa siri za gari la mteja. Daktari ana sheria za kumwambia siri inaishia wapi. Fundi wa jua kali ana mti, katoni na dhamiri.

Bado nadhani kuna tofauti kati ya siri na mkono. Kunyamaza kuhusu gari bovu ni jambo moja. Kulifunga wewe mwenyewe, kwa spana yako, ukijua limefungwa ili limdanganye mtu Jumamosi, ni jambo lingine. Hapo huhifadhi siri ya mtu, unaitengeneza. Nilitaka aseme hafungi. Nilimwambia hivyo. Aliniambia maneno ni rahisi kwa mtu wa kushika tochi.

Haikufika huko. Mzee alirudi kesho yake na trekta ya jirani, akatia hedi ndani ya gunia, akavuta pikapu yake hadi kwa fundi mwingine ambaye, alisema kwa sauti tuisikie sote, hana mdomo. Jumamosi ikapita. Baadaye tulisikia pikapu imeuzwa.

Nilimuuliza fundi kama angeipata namba ya yule mama angempigia. Turbo si mbali, mtu wa maziwa hakosi kujulikana.

"Nimwambie nini? Pengine huko walisawazisha hedi. Mimi sikuona ikifungwa."

Hiyo kazi ya kufungua, saa sita nzima, hajalipwa mpaka leo.